Mtoto wa Mbwa Anapokojoa Ndani Kila Mara
Mtoto wa mbwa wa miezi 3 kwa kawaida huweza kuzuia mkojo kwa saa 3 hivi mchana. Kwa hiyo akianza ghafla kukojoa kila baada ya dakika chache, tena matone tu, usimchape, kwani huenda njia yake ya mkojo imeshambuliwa na bakteria, jambo linalowapata zaidi majike. Mtazame anapochuchumaa: je, anajikamua kwa muda mrefu, analia, au anajilambalamba baadaye? Mkojo wenye wekundu huenda una damu.

Kinga mkojo wa asubuhi kwa upawa safi wenye mpini mrefu, uutie katika chupa safi iliyokauka, kisha umfikishie daktari wa mifugo ndani ya saa moja, au uuweke kwenye jokofu. Asipotoa hata tone huku akijikamua, hiyo ni dharura, mpeleke papo hapo. Dozi ya antibiotiki aliyoandikiwa mmalizishe hata akionekana amepona, wala usimnyime maji, kwani kiu humdhuru zaidi. Mpaka apone, mtoe nje kila saa, na sakafu uisafishe kwa siki iliyochanganywa na maji, si kwa dawa yenye amonia, ambayo harufu yake humrudisha palepale.