Iba kanuni, joka liache

Wewe unayeandika riwaya yako ya kwanza na unapenda hadithi za kisayansi au za fantasia, sikiza hili. Ukisoma, usinakili majoka wala vyombo vya angani. Tafuta kitu kimoja ambacho mwandishi amekibadilisha duniani, kisha uangalie anavyokifuata mpaka jikoni kwa watu.

Chukua Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi ya mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo cha kumuua, na chombo hichohicho kinamfikisha sayari nyingine. Jina la sayari lenyewe likate vipande: wale ni sisi. Nilipong'amua hilo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu.

Mimi hufanya zoezi langu nikingoja feri Likoni, Mombasa, daftari mkononi. Naandika: je, maji ya bamvua yakijaa yasipwe tena? Halafu maswali madogomadogo. Mwenye mkokoteni wa madafu atavukia wapi? Maiti atazikwa wapi? Nani atakuwa wa kwanza kuuza nafasi kwenye mtumbwi, na kwa pesa ngapi? Hilo la mtumbwi lilinipa sura nzima. Bahari yenyewe nikaimaliza kwa mistari miwili.

Na majini tunayo tele, bibi zetu wametusimulia. Jini wa kwetu haji bila masharti. Anza na hayo masharti.

Tumia penseli lakini. Nusu ya maswali utayafuta kabla feri haijafika ng'ambo.