Kumlisha mgonjwa wa akili aliyekaa siku nyingi bila kula

Juzi nilimwelekeza muuguzi mwenzangu aliyempokea mgonjwa wa sonona kali, siku 12 hajala. Nimeona niyaandike, maana kosa la kumpa mgonjwa kama huyo chakula kingi ghafla nimewahi kulifanya.

1. Mpime uzito kwa mizani. Usikisie.

2. Waulize ndugu hajala tangu lini na kwa nini. Anayeamini chakula kina sumu, mpe kilichofungwa akifungue mwenyewe. Aliyepitisha zaidi ya siku 10 karibu bila kula, au aliyepungua zaidi ya asilimia 15 ya uzito ndani ya miezi 3 hadi 6, yuko hatarini akilishwa ghafla.

3. Damu ipimwe madini matatu, yaani fosfeti, potasiamu na magnesiamu, pamoja na sukari.

4. Thayamini, yaani vitamini B1, itangulie chakula na dripu ya glukosi.

5. Sasa chakula, na hapa nakuomba utulie. Mwili uliozoea njaa ukipata wanga ghafla, insulini hupanda na kuyasukuma madini yale matatu ndani ya seli. Kwenye damu yanapungua, na moyo unaweza kwenda mrama. Anza na kilokalori 10 kwa kila kilo kwa siku: mwenye kilo 45 apate 450, ugawe mara sita. Ongeza taratibu kwa siku 4 hadi 7. Akiwa amepitisha zaidi ya siku 15 bila kula, daktari huanza na 5, na mapigo ya moyo yafuatiliwe kwa mashine muda wote.

Mgonjwa wangu wa wakati ule alipokubali kula tulifurahi mno, tukamwachia sahani ijae. Siku ya tatu akawa anavutavuta shuka, hajui yuko wapi. Tukasema ugonjwa umerudi, tukaongeza dawa ya kutuliza. Saa kadhaa baadaye nilimbonyeza juu ya kifundo cha mguu, kidole kikaacha shimo, dalili ya maji kujaa mwilini. Fosfeti ilikuwa imeporomoka. Kwa hiyo akichanganyikiwa siku hizo za mwanzo, pima damu kabla ya kulaumu akili yake. Na majibu mazuri ya siku ya kwanza yasikutulize, kwani fosfeti hushuka chakula kikishaingia. Rudia kila siku.

6. Andika alichomeza, siyo alichopakuliwa. Mimi natumia kikombe chenye alama za mililita. Vijiko havinipi hesabu ya kuaminika.

7. Ndugu wakileta chakula, usiwafukuze. Waeleze, kisha wampe wao wenyewe kile kikombe kimoja cha saa hiyo.