Kuchora mandhari ya theluji kwa rangi za maji

Katika rangi za maji theluji haipakwi, inaachwa. Weupe wote ni karatasi yenyewe. Unachopaka ni vitu vinavyoizunguka: anga, msitu wa mbali, miti na vivuli. Tyubu ya rangi nyeupe iliyomo kwenye seti nyingi iweke kando. Ukiichanganya na rangi nyingine inazitia ukungu, na theluji inaonekana kama ukuta uliopakwa chokaa.

Mandhari ya kuanzia iwe rahisi: shamba la kusini mwa Ufini mwishoni mwa Desemba, mstari wa misonobari kwa mbali, na miti mitatu isiyo na majani upande mmoja.

Kama fedha ni kidogo, itumie kwenye karatasi kabla ya rangi. Chukua ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa mkwaruzo kidogo, na ikiwezekana ya pamba tupu. Karatasi nyepesi hujikunja ikilowa, maji yanatuama kwenye mabonde yake na anga inakauka na madoa. Ibandike ubaoni pande zote nne kwa tepu ya karatasi. Brashi tatu zinatosha: bapa ya upana wa sentimita 2.5, ya duara namba 8, na nyembamba yenye nywele ndefu namba 1 kwa ajili ya matawi. Rangi ni nne: bluu ya ultramarini (alama PB29 kwenye tyubu), kahawia ya sienna iliyochomwa (mara nyingi PBr7), waridi (PV19) na njano ya udongo (PY42 au PY43). Nyeusi huihitaji, kwani ultramarini na sienna zikichanganywa hutoa kijivu kizuri kuliko chochote cha kununua. Weka vikombe viwili vya maji, kimoja cha kuoshea brashi na kingine kibaki safi.

Chora mistari michache kwa penseli bila kukandamiza. Upeo wa macho uwe juu ya katikati ya karatasi, ili theluji ipate nafasi kubwa.

Kwa anga, inua ubao upande wa juu kama sentimita 3. Changanya rangi zote kabla ya kulowesha, na nyingi kuliko unavyodhani zitahitajika. Zikiisha katikati, karatasi itakauka ukihangaika na paleti (kibao cha kuchanganyia rangi). Lowesha anga kwa maji safi hadi kwenye mstari wa upeo, usiuvuke. Paka njano hafifu chini, waridi juu yake, kisha shuka na ultramarini kutoka juu. Waridi inazitenganisha njano na bluu, la sivyo utapata anga ya kijani. Iache ikiwa imekolea kidogo kupita unavyotaka, maana rangi za maji hupauka zinapokauka.

Msitu wa mbali ndio unaowashinda wengi, na kosa huwa ni la wakati. Subiri mng'ao wa maji ufifie huku karatasi ikiwa bado na unyevu. Chukua ultramarini na sienna zikiwa nzito, kausha brashi kidogo kwenye tishu, ndipo uguse. Brashi ikiwa na maji kuliko karatasi, maji hayo husukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za kuchanika kama koliflawa. Likitokea, usilifukuze kwa brashi. Acha likauke, pengine litaonekana kichaka.

Sasa kausha kabisa. Gusa kwa mgongo wa kidole: karatasi ikiwa baridi, bado haijakauka.

Vivuli ndivyo vinavyoifanya karatasi tupu ionekane theluji. Mahali palipokingwa jua hupata mwanga wa anga peke yake, hivyo kivuli ni cha bluu, si kijivu. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alivipaka hivyo kwenye *La Pie*, picha yake ya rangi za mafuta ya 1868–1869 iliyopo kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris. Changanya ultramarini na waridi kidogo, nyepesi kama chai ya rangi isiyokolea. Helsinki, mji mkuu wa Ufini, mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri halifiki nyuzi 7 juu ya upeo, kwa hiyo mti wa mita 5 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 40. Virefushe basi, vyote vielekee upande mmoja, na kila kimoja kipinde kinapopita juu ya tuta au mtaro. Kikinyooka tu, ardhi itaonekana sakafu. Pitisha brashi mara moja na uiache. Karibu na shina ukingo uwe mkali, mbali ulainishe kwa brashi safi yenye unyevu. Zaidi ya nusu ya shamba ibaki karatasi tupu.

Miti ichore kutoka chini kwenda juu, ukipunguza mkono ili tawi lichongoke lenyewe. Mguu wa shina usiufunge kwa mstari, theluji imeufukia.

Chumvi hutoa alama za theluji inayoanguka, lakini inafaa kwenye anga nzito tu. Irushe mng'ao unapoanza kufifia: mapema inayeyuka bure, ukichelewa haifanyi kitu.

Ukitaka kuchora nje kwenye baridi chini ya sifuri, maji yataganda juu ya karatasi na kuchora maua ya barafu yanayopendeza sana, hadi uingie ndani yayeyuke na kuchafua kazi yote. Anayeanza apige picha kwa simu, achore mezani. Tepu ibandue picha ikishakauka, polepole, ukivuta kuelekea nje.