Jinsi ya kupima uzito wa shimo jeusi kwenye galaksi ya jirani

Watu wakisikia shimo jeusi lina uzito wa Jua mara milioni 40 wanadhani kuna mtu kaotea tu, kumbe hesabu yenyewe unaipiga kwa kalkuleta ya simu. Shughuli pevu ni kupata namba mbili za kuingiza humo: kitu kinazunguka kwa kasi gani, na kiko mbali kiasi gani toka katikati. Ni kama jiwe kwenye kombeo, ukilizungusha kwa kasi unausikia mkono unavyovutwa, na huku mkono ndo hilo shimo.

Anza na galaksi ya NGC 4258, ndo hiyo hiyo M106, iko kama miaka ya nuru milioni 25 toka kwetu. Mi naipenda hii kuliko zote maana katikati yake kuna diski nyembamba ya gesi, ndani yake mna mvuke wa maji, na hayo maji yanatoa mawimbi makali ya redio kwenye gigahezi 22.2, yanaitwa maseri.

Kasi kwanza. Ukiangalia spektra yake (mchoro wa nguvu ya mawimbi kwa kila kasi) utaona vilele vimekaa makundi matatu, la kati liko karibu na kilomita 500 kwa sekunde (hiyo ni galaksi nzima inavyotukimbia), lingine huko juu kwenye 1400 hivi, na la tatu liko chini ya sifuri kabisa, yaani maji yanakuja upande wetu wakati galaksi yenyewe inaenda zake! Hapo ndo unajua kuna kitu kinazunguka. Chukua kilele cha 1400, toa 500, unabaki na 900.

Sasa umbali. Antena moja haitoshi kabisa, inaona kila kitu kama doa moja, ndo maana mwanaastronomia Miyoshi na wenzake walitumia VLBA, mtandao wa antena 10 za redio zilizotapakaa toka Hawaii mpaka Visiwa vya Virgin, wakatoa majibu mwaka 1995. Doa letu la 900 tuseme liko sekunde ya pembe 0.0057 toka katikati (sekunde ya pembe ni digrii moja ukiigawa mara 3600). Zidisha kwa umbali wa galaksi, parseki milioni 7.6 (parseki moja ni kama miaka ya nuru 3.26), gawa kwa 206265 (ya kugeuza sekunde za pembe kuwa radiani), unapata parseki 0.21.

Haya, piga: 900 mara 900, mara 0.21, gawa kwa 0.0043 (hiyo ndo G, namba ya nguvu ya uvutano, ukitumia parseki, kilomita kwa sekunde na uzito wa Jua). Inakuja kama milioni 40. Rudia kwa madoa mengine, ya mbali zaidi yanaenda polepole ila uzito unatoka ule ule, na hicho ndo kipimo chako kwamba hujakosea. Hapa diski tunaiona karibu kwa ubavu, ikiwa imeinama lazima ugawe kasi kwa sine ya mwinamo kwanza (mwinamo ni sifuri diski ikituangalia uso kwa uso, digrii 90 ikiwa kwa ubavu).

Angalia sana umbali wa galaksi. Mwaka 1995 walitumia parseki milioni 6.4 wakapata milioni 36, umbali ukiongezeka na uzito unapanda nao.

Galaksi nyingi hazina maseri kama haya, so inabidi utumie nyota au gesi inayowaka, na hapo mambo yanakuwa magumu. Kabla hujaomba muda wa teleskopu piga G mara uzito unaoukisia, gawa kwa mtawanyiko wa kasi za nyota (zinavyotofautiana kasi) uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe, huo ndo umbali toka katikati ambao shimo linatawala, na kama teleskopu yako haiutenganishi usijisumbue. Kwa galaksi ya M87 unatoka kama sekunde ya pembe 2 na kitu, poa kabisa, lakini hata hapo nyota zilitoa uzito wa Jua mara bilioni 6.6 mwaka 2011, gesi ikatoa bilioni 3.5 mwaka 2013, karibu nusu! Nyota zinaenda kila upande so unajenga modeli ya mizunguko yao yote, ukisahau maada ya giza (maada isiyoonekana ila ina uvutano) uzito unashuka vibaya, na gesi nayo ina mwinamo wake, tena inasukumwa na mambo mengine zaidi ya uvutano. Picha ya shimo hilo ya 2019 toka Event Horizon Telescope, mtandao wa teleskopu za redio, ikaja na bilioni 6.5, ikakaa upande wa nyota. Kwa hiyo ukiandika uzito popote, andika pembeni umepima kwa kutumia nini na umetumia umbali gani.