Kupaka ayodini kwenye meno ya mtoto ili yasioze tena: tunavyofanya hapa Amu (Lamu)

Mtoto wa miaka mitatu na nusu aliletwa kwangu na bibi yake. Miezi minane nyuma alikuwa ametiwa dawa ya usingizi, akazibwa magego manne. Aliyemziba alifanya kazi safi. Lakini kando ya magego mawili palikuwa na vishimo vipya, na meno ya mbele ya juu yalikuwa na mstari mweupe kama chokaa, pale jino linapokutana na ufizi. Bibi akaniuliza, "Daktari, si yalitengezwa haya?"

Yalitengenezwa kweli. Ila bakteria walioyatoboa walibaki mdomoni na mtoto akarudi kwenye chakula kilekile, kwa hiyo kilichotokea mara ya kwanza kikatokea tena. Ndiyo sababu mtoto yeyote aliyewahi kuzibwa au kung'olewa kwa kuoza hatumwachi hivi hivi. Tunampaka ayodini, dawa ya kuua bakteria, kwa ratiba, pamoja na vanishi ya floraidi, dawa inayoganda juu ya jino na kulikinga.

Mwongozo huu ni wa wauguzi na maafisa wa afya ya kinywa. Mzazi asome pia, ajue mwanawe anafanyiwa nini, lakini asinunue chupa dukani akajaribu nyumbani.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujafungua chupa

Mtoto aliye chini ya miezi sita simpaki. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingoni, au anayetumia dawa za tezi, simpaki mpaka daktari wake aseme. Aliyewahi kutoka vipele au kuvimba kwa ayodini yenyewe, simpaki kabisa.

Hapa pwani kuna jibu utakalolisikia kila wiki: "Mwanangu akila kamba huvimba midomo." Andika kwenye kadi, lakini usimkatalie dawa kwa hilo. Mwili wa mtoto huyo unakataa protini ya kamba, na hiyo haina uhusiano na ayodini. Nimeona watoto wakirudishwa nyumbani bila huduma kwa kosa hili, na inaniuma.

Mweleze mzazi pia kwamba maandishi ya chupa yanazungumzia ngozi na vidonda, hayataji meno, na sisi tunaitumia kwa sababu ya matokeo ya utafiti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Puerto Rico, watoto wadogo waliopakwa kila miezi miwili walioza meno kwa uchache kuliko wenzao ambao hawakupakwa. Katika Visiwa vya Marshall, ayodini pamoja na vanishi ilifanya vizuri kuliko vanishi peke yake. Kwingine, kupaka mara moja tu siku ya matibabu kulipunguza bakteria kwa muda bila kuzuia matundu mapya. Mzazi akikubali, endelea.

Hatua ya 2: Soma chupa mara mbili

Unataka povidoni ayodini ya asilimia 10, ile ya maji. Ipo nyingine inayofanana nayo rangi na hata chupa, yenye sabuni ndani, ya kunawia mikono kabla ya upasuaji. Hiyo haiingii mdomoni. Tikisa kidogo: ikitoa povu zito kama la sabuni, irudishe kabatini.

Vuta mililita 0.2 tu kwa sirinji, utie kwenye kikombe kidogo. Kiasi hicho kina takriban miligramu 2 za ayodini, ambazo ni nyingi kuliko mahitaji ya mtoto kwa siku, kwa hiyo usimimine kwa kukisia na usiache mabaki yamezwe. Andaa pia shashi, brashi ndogo za kupakia, vanishi na leso kuukuu ya kumfunika mtoto kifuani. Doa la ayodini kwenye kanzu nyeupe litakugombanisha na mama wa watu.

Hatua ya 3: Goti kwa goti

Keti umtazame mama, magoti yenu yagusane. Mtoto anakaa mapajani mwa mama, amemtazama, miguu kila upande wa kiuno chake. Halafu mama anamlaza chali taratibu mpaka kichwa kitue mapajani mwako, huku ameshika mikono yake miwili. Mtoto atalia. Akilia mdomo uko wazi, na anayemwona juu yake ni mama. Mwambie mama aendelee kuzungumza naye. Sauti yake inafanya kazi kuliko yako.

Hatua ya 4: Safisha, kausha

Hapa ndipo kazi inapoharibika, na mimi mwenyewe niliiharibu kwa miezi kadhaa nilipoanza. Nilikuwa nikipaka juu ya mate na makombo, nikaona rangi imeenea, nikaridhika. Ayodini huishiwa nguvu inapokutana na uchafu wa chakula kabla ya kuwafikia bakteria. Na kwenye jino lililolowa mate, inachujuka.

Kwa hiyo inua mdomo wa juu kwa kidole, piga mswaki kwanza bila dawa, kisha futa kila jino kwa shashi kavu. Anza juu mbele, kwa sababu ndiko kuoza kwa watoto wadogo huanzia. Meno ya mbele ya chini hulindwa na ulimi na mate. Kisha magego, hasa mifereji ya juu yake na kando ya kila palipozibwa.

Kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu. Ayodini ikikutana na wanga hugeuka buluu iliyokoza, karibu nyeusi. Siku moja nilimpaka binti wa miaka minne, na katikati ya magego ya chini pakatokea vidoa vyeusi. Mama akashtuka, akadhani nimemchoma. Nikavitoa kwa ncha ya brashi, nikamwonyesha: hamri la asubuhi. Tukafuta, tukapiga mswaki upya, tukarudia, na mara hii ikabaki rangi ya kahawia tu. Ukiona weusi huo, hujasafisha.

Hatua ya 5: Paka, hesabu, futa

Chovya brashi, ikamue ukingoni mwa kikombe, upake meno yote, mabovu na mazima. Mimi huhesabu mpaka sitini kwa sauti. Watoto wakubwa kidogo huhesabu nami. Kisha futa yote kwa shashi iliyoloweshwa maji. Rangi inayobaki huondoka yenyewe.

Hatua ya 6: Vanishi juu yake

Kausha tena, upake vanishi ya floraidi ya asilimia 5, mililita 0.25 kwa mtoto mwenye meno ya utoto pekee. Ayodini imepunguza bakteria, vanishi inarudisha madini kwenye ile mistari myeupe. Mtoto anywe maji akitaka, ale vyakula laini, asipigwe mswaki mpaka kesho yake.

Tundu lililokwisha kufunguka halifungwi na ayodini. Hilo huzibwa, au hupakwa silva daiamini floraidi, dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Italigeuza tundu kuwa jeusi, mwambie mzazi mapema. Siipaki siku moja na ayodini, kwa kuwa fedha na ayodini huungana.

Hatua ya 7: Nyumbani

Ninaomba mambo mawili tu, maana nikiomba kumi sipati hata moja. La kwanza, chupa ya chai ya maziwa yenye sukari isilale na mtoto kitandani. Usiku anywe maji. La pili, mtu mzima ampige mswaki kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele kwa walio chini ya miaka mitatu, punje ya njegere kwa wakubwa zaidi. Ateme bila kusukutua. Mswaki wa mti ni mzuri kwa kusugua, lakini hauna floraidi ya kutosha, kwa hiyo usichukue nafasi ya dawa.

Hatua ya 8: Tarehe ya kurudi

Bakteria hurudi baada ya wiki kadhaa hadi miezi. Wa Langoni na Mkomani, mitaa ya hapa mjini, huwapangia kila miezi miwili. Wanaotoka Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, hutegemea boti na maji kujaa, kwa hiyo huwapa miezi mitatu na kuiweka siku ambayo tayari wana safari ya kuja Amu, hata ikiwa ni ya harusi. Andika tarehe kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, kwa kuwa kadi hiyo haipotei.

Akirudi, kabla ya kupaka, inua ule mdomo wa juu, kausha, utazame mstari mweupe. Upitishe ubavu wa kifaa cha kuchunguzia meno juu yake taratibu, usiuchimbe. Ukiwa unakwaruza na umefifia, ugonjwa unaendelea: rudi hatua ya saba, uulize upya juu ya chupa ya usiku. Ukiwa unang'aa na kifaa kinateleza, mwite mama aone.