Kurekodi kwaya kwa REAPER na NVDA: mwongozo kwa mwanamuziki asiyeona

Mwongozo huu ni kwa mwanamuziki asiyeona anayetaka kurekodi mwenyewe, tangu kuweka programu hadi kutoa faili, bila kumsubiri mtu wa kumshikia mausi. Ninafundisha kazi hii hapa Mbeya, na wanaonijia zaidi ni wapiga kinanda na walimu wa kwaya. Wengi wameshaambiwa kwamba studio si mahali pao, ilhali tatizo haliko kwao bali kwenye programu: nyingi zimechorwa kama picha tupu, na kisoma skrini hakikuti jina lolote la kutamka. Hata REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri muziki, ikiwa peke yake husema machache. Inayoifungua ni OSARA, programu ya nyongeza iliyoanzishwa na James Teh wa Australia, programa asiyeona ambaye yeye na Michael Curran ndio waanzilishi wa NVDA, kisoma skrini tutakachotumia hapa.

Hatua ya kwanza: kuweka programu. Weka NVDA kwanza, kisha REAPER, mwisho OSARA. NVDA na OSARA ni za bure. REAPER hutoa siku 60 za majaribio, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60 za Marekani. Mafaili yote matatu ni madogo, kwa hiyo bando la kawaida linatosha. OSARA ikikuuliza kama ibadilishe mpangilio wa vitufe vya REAPER, kubali, kwa sababu maelekezo yote yanayofuata yanategemea mpangilio huo.

Hatua ya pili: kutenganisha sauti. Hapa usiharakishe, kwani wengi wanaokata tamaa hukatia hapa. Kompyuta yako itakuwa na sauti mbili kwa wakati mmoja, ya NVDA na ya muziki, nazo zisipopangwa zitagombana. Ukichagua ASIO, draiva (programu inayounganisha REAPER na kadi ya sauti) inayoweza kuishika kadi peke yake, kwenye kadi ileile inayotumiwa na NVDA, huenda NVDA ikanyamaza ghafla ukabaki huna pa kushika. Kama huna kadi ya sauti ya nje, bonyeza Ctrl+P, nenda kwenye sehemu ya vifaa vya sauti, uchague WASAPI, mfumo wa sauti wa Windows, katika hali ya kushirikiana (shared). Kama unayo, acha NVDA izungumzie kwenye kadi ya kompyuta, na muziki upite kwenye kadi ya nje. Kisha bonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na Shift na D mpaka usikie kwamba upunguzaji wa sauti za programu nyingine umezimwa. Bila hivyo, muziki unaweza kushuka kila NVDA inapotamka neno, nawe ukashindwa kupima uwiano wa sauti ya kwanza na besi.

Sauti ya eSpeak NG, inayokuja na NVDA, inazungumza Kiswahili, lakini menyu za REAPER ni za Kiingereza na zikisomwa kwa matamshi ya Kiswahili hazieleweki. Ninashauri utumie sauti ya Kiingereza ukiwa ndani ya REAPER.

Hatua ya tatu: kuvijua vitufe. Bonyeza F12. Kuanzia hapo kila kitufe utakachogusa kitatajiwa kazi yake bila kuitenda. Tembeza vidole kwenye kibodi nzima, kisha bonyeza F12 tena kutoka.

Hatua ya nne: kurekodi. Hifadhi mradi kwa Ctrl+S kabla ya kitu kingine chochote, na urudie mara kwa mara, maana umeme unaweza kukatika wakati wowote. Bonyeza Ctrl+T kupata treki mpya (njia ya kurekodia sauti moja), andika jina lake, mathalani «Soprano», kisha Enter. Mishale ya juu na chini hukuhamisha kutoka treki moja hadi nyingine, na OSARA hutaja jina la kila moja. Bonyeza F7 kuiandaa treki ipokee sauti, R kuanza kurekodi, na kitufe cha nafasi kusimamisha. Likitokea dirisha linalouliza kama faili lihifadhiwe, kubali. Vaa hedifoni muda wote, la sivyo maikrofoni itaibeba sauti ya NVDA na kuiingiza katikati ya ubeti.

Kwa kuwa huoni taa za kipimo cha sauti, tumia Peak Watcher ya OSARA, inayokutamkia kilele cha sauti kwa desibeli. Mimi hulenga kati ya -12 na -6 pale kwaya inapoimba kwa nguvu zote; ikigusa 0, sauti itakwaruza na hakuna namna nzuri ya kuirekebisha baadaye. Kuanzia Novemba hadi Aprili, hasa kwa walio Tukuyu na Rungwe yote, pangeni kurekodi asubuhi kabla mvua haijaanza kupiga bati, na radi zikianza chomoa kompyuta ukutani.

Hatua ya tano: kutoa faili. Bonyeza Ctrl+Alt+R, pita kwenye dirisha kwa Tab, taja jina na folda, kisha uchague WAV kwa nakala ya kutunza au MP3 kwa nakala ya kutuma kwa WhatsApp. Lisikilize faili lote nje ya REAPER kabla ya kuwatumia wanakwaya.