Kata rasta kwa skripti, ila pikseli zibaki palepale

Kama una rasta moja (picha iliyopangwa kwa gridi ya pikseli, mfano ya setilaiti) na poligoni moja (umbo la mipaka) ya eneo lako, skripti ya nini sasa, fungua QGIS (programu ya ramani) nenda Raster, kisha Extraction, kisha Clip Raster by Mask Layer, jaza nafasi, bonyeza Run, umemaliza. Skripti inaanza kuwa na maana ukiwa na folda yenye picha za mwaka mzima au bendi zote 13 za setilaiti ya Sentinel-2, manake hapo kubonyezabonyeza ndo kunaleta makosa, kuna faili moja katikati utasahau kuliwekea nodata (namba inayosema hapa hakuna data) na hutajua mpaka siku unapiga wastani unapata namba za ajabu.

Ila usianze na ukurasa mtupu. Kata picha ya kwanza kwa mkono, halafu fungua menyu ya Processing, nenda History, utakuta QGIS imeshakuandikia amri uliyotoka kuiendesha pamoja na vigezo vyake vyote. Ikopi. Hiyo ndo skripti yako, kilichobaki ni kuizungushia luupu tu, ijirudie kwa kila faili. Fungua konsoli ya Python kwa Ctrl+Alt+P, washa edita yake (usibandike kwenye kile kimstari cha chini, kodi ya mistari mingi inasumbua pale) halafu andika kitu kama hiki:

```
import glob, os, processing

for f in sorted(glob.glob("D:/picha/*.tif")):
    jina = os.path.basename(f)
    processing.run("gdal:cliprasterbymasklayer", {
        "INPUT": f,
        "MASK": "D:/mipaka/eneo.gpkg",
        "NODATA": 0,
        "CROP_TO_CUTLINE": True,
        "KEEP_RESOLUTION": True,
        "OUTPUT": "D:/vipande/" + jina})
    print(jina)
```

Ukiwa Windows andika njia za mafaili kwa mkwaju wa mbele hivyohivyo, ule wa nyuma Python inausoma kama alama maalumu na utazunguka na kosa ambalo halieleweki. Na folda ya vipande iwe tofauti na ya picha, la sivyo, kwa kuwa jina halibadiliki, faili la kuandikia linakuwa lilelile la kusoma na kazi haiendi.

Kwenye NODATA usiige tu sifuri yangu. Sentinel-2 sifuri inafaa kwa sababu kwake sifuri tayari ni hakuna data. Kwenye rasta ya mwinuko sifuri ni usawa wa bahari kabisa, ukiifanya nodata umefuta pwani, huko weka -32768 au -9999. Halafu hiyo -9999 nayo usiipeleke kwenye picha ya biti 8, humo namba ni 0 mpaka 255 tu, haiingii.

Sasa ukweli ni kwamba QGIS hapo haikati chochote yenyewe, inamtuma gdalwarp, zana ya GDAL (programu huria ya kuchakata rasta). Kwa hiyo kama mashine haina hata QGIS, au unataka kuacha kazi ijiendeshe usiku, mwite moja kwa moja:

```
gdalwarp -overwrite -cutline eneo.gpkg -crop_to_cutline -dstnodata 0 -co COMPRESS=DEFLATE -co TILED=YES picha.tif kipande.tif
```

Ukiacha -crop_to_cutline utapata rasta yenye ukubwa uleule wa mwanzo, ila nje ya poligoni kote ni nodata. Na -overwrite usiidharau, bila hiyo kama kipande.tif kipo tayari gdalwarp hakitengenezi upya, ama anakataa ama anaandika ndani ya kile cha zamani na mipaka yake ya zamani, yaani unabadilisha poligoni, unaendesha, na kipande kinaweza kubaki na umbo la jana.

Tuje kwenye pikseli, hapa ndo watu wengi hawaangalii kabisa. Kingo za poligoni yako hazijali gridi ya picha, kwa hiyo kutegemea na vigezo ulivyoweka kipande kinaweza kuanza katikati ya pikseli na kila kitu kikasogea kidogo. Kwa macho huoni. Ila ukitoa picha ya mwaka huu kwenye ya mwaka jana, mipaka ya mashamba yote inaonekana imebadilika. Kukagua ni rahisi, endesha gdalinfo kwa picha ya asili na kwa kipande, chukua Origin za zote mbili, toa moja kwa nyingine, gawa kwa Pixel Size. Jibu liwe namba kamili. Mfano asili inaanzia 358485 na kipande 361485, tofauti ni 3000, gawa kwa 30 unapata 100, safi. Ingekuwa 361470 unapata 99.5, hapo umesogea nusu pikseli.

Wengi watakwambia ongeza -tap na -tr, yaani gridi iwe kwenye vizidishio vya saizi ya pikseli. Kwa Sentinel-2 inakubali. Kwa setilaiti ya Landsat ndo inaharibu, kwa sababu kingo za pikseli zake za mita 30 zimekaa mita 15 pembeni ya vizidishio vya 30, kwa hiyo -tap yenyewe ndo inakusogeza ile nusu. Kwa Landsat mimi naona bora uandike mipaka mwenyewe kwa -te, xmin ymin xmax ymax, namba zikiwa zimefuata gridi ya picha ya asili. Na kama unachotaka ni mstatili tu, achana na gdalwarp, tumia gdal_translate na -srcwin, yule ananakili pikseli zilivyo.

Ukipata ujumbe kuwa cutline (poligoni ya kukatia) si halali, poligoni inajikata yenyewe mahali, ipitishe kwenye Fix geometries ya QGIS kwanza. Kipande kikitoka kitupu kabisa, angalia kama shapefile (faili la mipaka) imekuja bila .prj, faili linalotaja mfumo wa koordineti, hapo GDAL anadhani koordineti ni za mfumo wa picha. Na kama maeneo yako ni madogo na pikseli za pembeni zinaliwa, ni kwa sababu anachukua zile ambazo kitovu chake kiko ndani tu, ongeza -wo CUTLINE_ALL_TOUCHED=TRUE achukue zote zinazoguswa.

Na kama faili moja la mipaka lina poligoni nyingi na unataka kila moja kipande chake, usipochagua, zote zinachukuliwa kama mkasi mmoja. Weka -cwhere "jina='Kaskazini'" kwenye ile amri (jina ni safu iliyo kwenye jedwali la poligoni), halafu luupu yako izunguke kwenye majina badala ya picha.